Nilivyojifanya maiti juu ya majani ya korosho ili mke wangu apumue

Wakuu, salaam.

Wa umri wangu, habari za kuamka. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika: marahaba. Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hiyo, assalaam aleykum kwa wanaoitikia hii, na wale wa "mambo vipi", poa.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naleta kisa changu mwenyewe na hakina chumvi, kwa sababu mke wangu amekaa pembeni na kila nikimaliza aya anataka nimsomee. Mkikuta mahali nimejisifu, jueni alikuwa ameinuka kuangalia sufuria.

Mimi ni mzee wa Mkunya, Newala. Mwanglikana, katekista mstaafu, Mmakonde kwa baba na kwa mama. Nimefundisha watu kipaimara, nikafundisha watoto wao, na baadhi yao hadi leo hawajui Amri Kumi lakini wanajua bei ya korosho kabla mnada haujafunguliwa. Nalima mikorosho kama kila mtu na muhogo kama kila mtu.

Mungu amenipa mengi, namshukuru. Kubwa kuliko yote amenipa Mama Anjela. Na Mama Anjela amepewa pumu.

Kwa wasioijua korosho, nieleze kidogo.

Kabla korosho hazijaanza kudondoka, chini ya mti panatakiwa pawe peupe, punje ikianguka uione. Kwa hiyo tunafyeka, tunafagia majani, tunayakusanya chungu chungu, halafu tunawasha. Shamba lisilochomwa huku kwetu ni kama bwana harusi aliyekuja peku. Watu watakusema mpaka mbele ya wakwe zako.

Na kuna la pili, ambalo wataalamu wakija kwenye semina huwa hatuwaambii. Panya. Chungu likishika moto panya wanatoka, na pembeni kuna watu wamesimama na fimbo. Mgeni akiona anashangaa. Sisi tunakuwa tumeshabandika sufuria.

Basi kiangazi kikikolea, uwanda mzima unafuka. Weka na zile mashine za petroli za kupulizia dawa ya salfa mikoroshoni. Weka na bodaboda ambao wamekaa kijiweni bila abiria lakini injini zinanguruma, sijui wanaogopa pikipiki zitasahau kuwaka. Juu ya yote hayo piga jua kali. Ikifika saa saba mchana anga linakuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Waliofika Newala wanapajua Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linakuwa chini ya miguu yako. Siku njema unauona mto na unaiona Msumbiji ng'ambo. Miezi ya kuchoma huoni kitu. Mgeni akiuliza, tunamjibu kwa kujiamini: "Huo ni ukungu. Newala ina ukungu."

Ni kweli ina ukungu. Ila sijawahi kuona ukungu unaokuachia masizi puani.

Shimo la Mungu tumelijaza moshi wetu, halafu lawama tunampa mwenye shimo.

Sasa twende kwenye kisa.

Mwaka juzi, katikati ya kiangazi, Mama Anjela alibanwa kifua mchana mweupe akiwa anapepeta mbaazi. Alibanwa hadi kucha zikageuka rangi. Tukamteremsha mlimani hadi Masasi, kisha hospitali ya Ndanda, mimi nikiwa nimemshika njia nzima na kusali kwa sauti. Baadaye aliniambia sala ilikuwa nzuri ila nilikuwa nimemkalia kanga.

Tabibu aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alipoona amepata nafuu, akaniketisha.

"Shikamoo baba. Huko kwenu mnachoma mashamba?"

"Marahaba. Tunasafisha."

"Mnachoma," akasema.

Akanieleza kwamba moshi wenyewe unaumiza kifua, lakini kuna jambo la pili. Moshi wa majani, moshi wa pikipiki na mvuke wa petroli vikipigwa na jua kali vinatengeneza hewa nyingine, inaitwa ozoni. Huwezi kuiona. Inachubua mapafu, na mwenye pumu ndiye anayeanza kuumia.

Mimi nikaona nafasi ya kuonyesha kwamba nasikiliza redio. "Ozoni si ndiyo ile ya juu inayotukinga na jua?"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Ikiwa juu ni mlinzi. Ikiwa huku chini ni..." Akawa anatafuta neno.

Sauti ikatoka kitandani, nyuma ya kifaa cha kupumulia. "Ni kama Baba Anjela. Akiwa kanisani ni baraka. Akiingia jikoni kwangu ni balaa."

Tabibu akacheka hadi akatoka nje. Nikajua mke wangu amepona.

Lakini kicheko kiliisha haraka. Mama Anjela aliondoa kile kifaa, akaniangalia. "Mtwara kwa Anjela kuna upepo wa bahari. Mkichoma tena, kila kiangazi nahamia kule. Huo mkorosho uupikie wewe, ulale nao wewe."

Nikasema, "Tumwombe Mungu, mama."

"Omba. Yeye ataniponya leo, nyie mtanichoma kesho. Mnamchosha tu mwenzenu."

Wakuu, nimeishi na mwanamke huyu tangu nina meno yote. Kunywa chai peke yangu kiangazi kizima niliona ni sawa na kuzikwa nikiwa hai. Na nilijua kingine ambacho hakukisema: safari moja kati ya hizi za kuteremka mlimani tungefika tumechelewa.

Tuliporudi nikaomba mkutano. Tulikaa kwenye baraza la ghala la chama cha msingi, Waislamu na Wakristo, kina mama upande wao na vijana upande wao, wale tunaowaita viboko wa kijiji, maana wakilala hapo ghalani hawaamki hadi msimu.

Mwenyekiti akasema sheria ndogo ya kukataza uchomaji ipo. "Ipo ofisini. Imelala."

Hakuna aliyetaka iamshwe. Huku mkitozana faini leo, kesho hamzikani. Tukakubaliana lolote tutakalofanya liwe la hiari.

Nikaeleza yote ya tabibu. Nikaeleza moshi, nikaeleza petroli, nikaeleza jua linavyoipika ozoni.

Hapo akasimama mtani wangu, Baba Zuhura. Huyu ni Myao, mwadhini wa msikiti wetu, mwembamba kama fimbo ya panya na mdomo wake haujawahi kupumzika. Akasema, "Enyi Wamakonde, jambo mbona rahisi? Kama jua ndilo linalopika, basi tuchome jua likishazama. Atapika nani?"

Baraza lote likapiga makofi. Nami nikapiga. Tukaona tumemshinda shetani kwa akili za kuzaliwa.

Mnaona kilichokuja?

Zamani kila mtu alichoma siku yake na saa yake. Sasa tulikuwa na makubaliano. Jua lilipozama tu, Magharibi ikaswaliwa, na Mkunya nzima ikawasha kwa pamoja. Ikawa kama sikukuu. Watu wanaitana, watoto wanaimba, panya wanakimbia kama wametangaziwa mwisho wa dunia. Tukasifiana kwa umoja.

Ule moshi haukwenda popote. Baridi ya uwanda iliukandamiza, ukashuka, ukalala juu yetu kama blanketi.

Alfajiri Baba Zuhura akapanda kuadhini. Spika ikafunguliwa, akaanza vizuri, halafu tukasikia kikohozi. Akaanza tena. Kikohozi. Kijiji kizima kiliamshwa na mtu anayekohoa kwa kipaza sauti. Nikatoka kwenda kupiga kengele ya kanisa, nikapishana na kanisa lenyewe bila kuliona.

Jua lilipochomoza likakuta kila kitu kimeshaandaliwa mezani. Likaanza kupika.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Anjela amekaa sakafuni, mikono magotini, anavuta hewa haingii.

Sitaeleza safari ile ya Ndanda. Safari hii sikusali kwa sauti.

Mungu ni mwema, alipona. Lakini hakupanda tena mlima. Pale pale Ndanda barabara kubwa inapita, akasimamisha basi la Mtwara. Akaniachia kanga yake moja na maneno haya: "Nikisikia hewa ni safi nitakuja. Nikisikia ni ukungu, nisalimie ukungu."

Nikarudi peke yangu.

Nilijipikia ugali wa muhogo. Kuku walikataa.

Baba Zuhura akaja kunitembelea. Nilijua anakuja kunicheka, na utani unamruhusu. Wasiojua, utani wa Wayao na Wamakonde ni huu: mtani anaweza kukuambia chochote, hata msibani kwako. Anaweza kulala kwenye jeneza la baba yako akadai alipwe ndipo atoke, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Ndugu yako akikukosoa ni ugomvi wa miaka. Mtani akikutukana unamkaribisha chai.

Lakini siku hiyo hakucheka. Alikaa, akautazama ule ugali, akautazama ufagio wa Mama Anjela pembeni ya mlango.

"Mtani," akasema, "ule ulimi wangu wa barazani umemfukuza shemeji."

"Tulipiga makofi wote."

"Mlipiga. Sasa nani ataenda kumwambia Baba Shukuru asichome? Wewe?"

Baba Shukuru ni Mmakonde mwenzangu, tena wa ukoo wangu, mwenye shamba kubwa na majivuno makubwa kuliko shamba. Hajawahi kukosolewa na mtu akarudi nyumbani kwa amani.

"Mimi siwezi," nikasema. "Ni ndugu yangu."

"Na mimi?"

Tukaangaliana. Nadhani tulilipata wazo wakati mmoja, maana tulianza kucheka wakati mmoja, hadi ugali ukapoa. Haukupungukiwa kitu.

Kesho yake asubuhi Baba Shukuru alikuwa amekusanya majani, chungu moja kama nyumba. Alipogeuka kutafuta kiberiti, Baba Zuhura akapanda juu, akajilaza chali, akajifunika shuka jeupe tangu utosini. Wakeze wawili walikuwa pembeni na kina mama wengine wa Kiyao. Wakaangua kilio cha msiba.

"Uwii! Myao wetu kafa! Kauawa na moshi wa Wamakonde!"

Watu wakajaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kama ndugu wa muuaji.

Baba Shukuru akasema, "We Myao, ondoka kwenye majani yangu."

Shuka likajibu, "Maiti haondoki. Anaondolewa."

"Nitawasha!"

"Washa. Mapafu umeshayachoma, malizia na mbavu. Ila uniandalie mchuzi, nasikia Wamakonde kitu kikitoka kwenye moto mnakula."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Na Baba Shukuru, kwa sababu ya ule umati na ile fahari yake, akawasha kweli. Aliwasha pembeni kabisa, kumtisha tu. Lakini majani ya korosho ya kiangazi hayajui kutisha. Moto ulikimbia.

Kilio kikabadilika. Wale wake wakapiga kelele nyingine, ya kweli. Baba Zuhura hakuona, alikuwa chini ya shuka anaendelea kutukana. Upindo wa kanzu yake ukashika.

Baba Shukuru alirukia moto kwa mikono yake mwenyewe. Alimvuta mtani wake miguu, wakaviringika wote hadi chini, akamzimia kanzu kwa viganja, huku anasema, "Usife, Myao, usife kwangu, watasema nini?"

Mtani kufia kwenye chungu lako la majani, wakuu. Ukoo usingeoa wala kuolewa.

Baba Zuhura akakaa. Mguu mzima, ndevu nzima, upindo wa kanzu ndio uliokwenda. Akajipapasa, akasema kwa utulivu, "Nimefufuka. Lakini nilikuwa nimeshakufa, kwa hiyo bado unadaiwa kaburi. Chimba."

"Nichimbe nini?"

"Kaburi langu. Hapa, kati ya mikorosho. Na uniwekee majani ndani nilale pazuri."

Baba Shukuru akainuka. Akachukua jembe akachimba. Nami nikavua koti nikaenda kumsaidia, maana ni ndugu yangu. Tukachimba shimo refu, tukasukumia yale majani humo, tukafukia kwa udongo kidogo yaoze yawe mbolea. Tulipomaliza chini ya miti palikuwa peupe kama alivyotaka, na hakuna kilichofuka.

Akalizunguka shamba lake lote. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Na panya?"

"Watakuja wenyewe kulala kaburini," Baba Zuhura akamjibu. "Utawafuata na jembe kama mwanaume, sio kuwachomea nyumba."

Tangu siku hiyo mchezo ukashika. Mmakonde akitaka kuwasha, Myao anakufa shambani kwake. Myao akitaka kuwasha, anakufa Mmakonde. Na Mmakonde wa kufa, kwa cheo changu cha kanisa, mara nyingi nilikuwa mimi.

Nimekufa sana, wakuu. Nimelala juu ya machungu ya majani nimejifunika ile kanga ya Mama Anjela, najisomea ibada ya mazishi yangu mwenyewe kwa sauti ya huzuni, na sisi Waanglikana hatuna haraka na ibada. Mwenye shamba anashika jembe nikiwa sijafika katikati. Padri aliposikia alinihoji kama si dhihaka. Nikamwambia, Padri, ibada hii nimewasomea wengi ambao hawakusikia. Hawa angalau wanasikia. Akauliza kama siku moja naye anaweza kuja kulala.

Kina mama wakaongeza la kwao: shamba lenye kaburi wanakwenda kusaidia kufagia kwa zamu. Yale mashimo hadi leo yanaitwa makaburi. Utasikia mtu sokoni anasema bila aibu, "Mwaka huu nimechimba makaburi sita, nimeshiba." Mgeni asiyejua habari ya panya akisikia anahama gesti.

Bodaboda nao tukawapelekea maiti kijiweni. Nilijilaza mbele ya pikipiki zao zilizokuwa zinanguruma bure. Kijana mmoja akasema, "Babu, shikamoo, utachafuka." Nikamwambia nimeshakufa, zima hiyo. Akazima. Wengine wakazima kwa aibu. Mashine za salfa sasa tunapulizia alfajiri kabla jua halijawa kali, na zinajazwa petroli kivulini kwa uangalifu.

Hatukumaliza moshi wote. Nisidanganye, nimeapa mwanzo na msimamizi bado amekaa hapa. Wapo waliochoma kwa kujificha. Lakini kiangazi kilichofuata, kile ambacho Mama Anjela alikuwa bado Mtwara, nilisimama Shimo la Mungu saa saba mchana na nikauona mto.

Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia. Akajibu, "Hiyo ni ya masika. Nawajua."

Nikatuma nyingine, nimesimama mimi mwenyewe. Akajibu, "Umekonda."

Kesho yake akapanda basi.

Nilimpokea stendi Newala. Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Tukaenda moja kwa moja ukingoni, yeye mbele, mimi nyuma na mabegi kama kuli. Akasimama. Akavuta pumzi moja, taratibu, kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake akitafuta kasoro.

Ikaingia. Ikatoka.

Akavuta nyingine.

Ruvuma ilikuwa inang'aa kule chini na Msumbiji ilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani, Zaburi nzima ilikuwa mdomoni. Nikaimeza, maana nilikuwa namsikiliza anavyopumua, na sijawahi kusikia kwaya iliyonipendeza kuliko ile.

Halafu akanyoosha kidole. "Na kule?"

Upande wa Makote, mbali, uzi mmoja mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda.

Aliniangalia. Aliiangalia ile kanga yake shingoni mwangu, imetoboka kwa kulalia vijiti. Akanipokea mabegi yote mawili.

"Nenda ukafe, Baba Anjela," akasema. "Nitakuwekea chakula."

Nikaenda nikafa. Nikarudi nikakuta mbaazi za nazi.

Nilichojifunza, wakuu: nilisali sana na Mungu alinijibu, ila jibu lake lilikuja limevaa kanzu iliyoungua na lilikuwa linanitukana. Na hewa ya kijiji haisafishwi na mtu anayeogopa kuchekwa.

Sasa uwanja ni wenu. Wa Tandahimba, Nachingwea, Masasi mjini na kwingine mnaochoma: watani wenu ni akina nani, na nani kati yenu yuko tayari kufa kwanza? Wale wa "huo ni ukungu", nanyi karibuni, ila leteni leso mjipenge kabla hamjabisha.

Maswali nitajibu jioni. Mama Anjela amemaliza kusoma, anasema kuna mahali nimejisifu, na amekataa kuniambia ni wapi.